Stata Tatu kwa Land Rover Moja

Kati ya mwaka 2009 na 2011 nilinunua stata tatu kwa ajili ya gari moja. Mbili zilikuwa za mtumba na moja ilikuwa mpya ndani ya boksi, na kila nilipofungua iliyotangulia ili kuweka nyingine niliamini kabisa, nikiungwa mkono na mafundi wawili wa mtaani kwetu, kwamba hiyo ninayoitoa imekufa. Leo stata iliyokuja na gari lenyewe ndiyo inayowasha injini, zile mbili za mtumba zimo kwenye magunia juu ya rafu ya stoo zikiwa nzima, na iliyokufa kweli ni ile mpya peke yake.

Gari lenyewe ni Land Rover Series III, ile ndefu ya 109, yenye injini ya petroli ya lita 2.25, ambayo marehemu baba aliipata kwenye mnada wa magari chakavu. Tunaishi Mafinga, na mtu aliyewahi kulala Mafinga mwezi Julai anajua kwamba asubuhi oili ya injini huwa nzito kama uji uliolala, na betri nayo, kwa baridi ileile, hutoa nguvu pungufu ya ile inayotoa mchana. Kwa hiyo ugonjwa wa gari letu ulionekana kama ugonjwa wa majira. Ukipiga stata, injini ilijivuta mara moja, ikajivuta ya pili, kisha taa za dashibodi zikafifia na kila kitu kikanyamaza. Nilichaji betri, nikanunua betri nyingine, kisha nikaanza safari ya kununua stata.

Kila stata niliyoifunga ilifanya kazi kwa wiki kadhaa, na hilo ndilo lililonipoteza. Sasa najua sababu. Wakati wa kufunga stata mtu hukaza nyaya, husugua vichwa vya nyaya kwa msasa, hutikisa kila kiungo, na kwa muda mfupi umeme hupata njia. Nilikuwa nikitibu ugonjwa bila kujua, kisha nikimshukuru mgeni aliyekuwa ndani ya boksi.

Stata mpya ilipokwama nayo, niliitia kwenye mfuko pamoja na ile ya asili, nikapanda basi hadi Iringa mjini, kilomita 80 hivi, kumtafuta fundi mmoja mzee wa umeme wa magari niliyeelekezwa na mwalimu mwenzangu. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda mbele ya karai la mafuta ya taa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Gari liko wapi?"

"Nimeliacha nyumbani. Nimekuletea stata."

Alizitazama zote mbili bila kuzigusa. "Sasa hapa nimtibu nani? Ugonjwa umeuacha Mafinga."

Jumamosi iliyofuata nililiwasha gari kwa hendeli, ile nondo ya kuzungushia injini kwa mkono, nikaenda nalo. Nikiwa kwenye hendeli niongeze jambo moja kwa vijana ambao hawajawahi kuishika: kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, kisiuzunguke mpini, kwa sababu injini ikipiga kinyume inavunja kiganja au mkono. Stata ya umeme ya Charles Kettering ilianza kufungwa kwenye magari ya Cadillac ya mwaka 1912 ili kumwondolea dereva balaa hilohilo, na bado Land Rover iliyotengenezwa miaka zaidi ya 60 baadaye ilitoka kiwandani na hendeli yake. Walioitengeneza waliwajua wateja wao.

Mzee alichomoa waya mkubwa wa koili ili injini isiwake, akachukua multimita ya kawaida, ile ya bei ndogo inayouzwa kila duka la vifaa vya umeme, akaanza kwenye betri. Hakugusa vibano vya nyaya. Aligusa vichwa vya risasi vya betri yenyewe. Volti 12.6, betri imejaa. Akaniambia nipige stata na nisiachie mpaka aseme. Betri ilishuka hadi volti 10.6, jambo ambalo kwa kazi ile ni la kawaida. Kisha akaingia chini ya gari, akaweka ncha moja kwenye skrubu kubwa ya stata na nyingine kwenye mwili wa stata, nikapiga tena. Volti 8.1. Alitoka uvunguni akiwa na vumbi mgongoni na kuniuliza, kwa utulivu ulionikumbusha ninavyowauliza wanafunzi wangu swali ambalo jibu lake ninalo, volti mbili na nusu zimekwenda wapi.

Zilikuwa zimegawanyika. Upande wa chanya, kutoka betri kupita solenoidi, yaani swichi ya sumaku ya stata, hadi stata yenyewe, zilipotea volti 0.4, kiasi kinachovumilika. Upande wa hasi, kutoka kichwa cha betri hadi mwili wa stata, zilipotea volti 2.1. Nilikuwa nimefundisha fizikia miaka 11 na kanuni ya Ohm naiandika ubaoni kila mwaka, lakini sikuwahi kuifikiria nikiwa uvunguni. Ampea 150 zikipita mahali penye ukinzani wa ohmu 0.014 tu, volti 2.1 zinabaki hapo hapo zikipasha joto. Multimita ile ukiiweka kwenye ohmu haiwezi kuuona ukinzani mdogo kiasi hicho. Itakuonyesha sifuri na utaridhika. Ndiyo maana Mzee hakupima waya uliolala, alipima waya ulio kazini.

Waya wa ethi, yaani wa hasi, wa betri kwenye gari lile unakwenda kwenye chesisi. Injini, hata hivyo, imekaa juu ya raba, hivyo kati ya chesisi na injini lazima kuwe na mkanda wa shaba uliosukwa wa kuurudisha umeme. Wetu ulikuwa umegeuka kijani na nyuzi zake karibu zote zimekatika, umebaki kama kamba ya katani iliyoliwa na panya. Mzee aliniomba nipige stata kwa muda, kisha akaniambia niguse kebo ya choki, waya wa chuma unaotoka dashibodi hadi kwenye injini. Ilikuwa ya moto. Hapo nikakumbuka kwamba ndani ya mwaka ule nilikuwa nimebadilisha kebo ya choki mara mbili kwa sababu ilikuwa ikiganda, na mara zote mbili ganda lake la ndani lilikuwa limeyeyuka. Umeme uliokosa mkanda wake ulikuwa unarudi nyumbani kwa kupita kwenye kebo ya choki, na mimi nilikuwa ninalaumu kebo.

Tulitengeneza mkanda mpya kutoka kwenye kipande cha waya mnene wa betri ya lori, tukasugua chesisi na gia boksi mpaka chuma kikang'aa, tukafunga boliti na kupaka vaselini juu ya kiungo. Volti 2.1 zikawa 0.2. Tulirudisha stata ya asili, na iliizungusha injini kwa namna ambayo sikuwa nimeisikia tangu baba akiwa hai.

Kama mambo yangeishia hapo nisingejifunza stata yenyewe. Lakini ile ya asili ilikuwa na kasoro ya pili, ndogo: mara moja moja ilizunguka peke yake kwa mlio mwembamba bila kushika flaiwili, lile gurudumu zito la injini lenye meno. Mzee aliniambia nirudi wakati wa likizo na stata zangu zote, nikae pembeni yake, nitazifungua mwenyewe naye atakuwa ananizuia kuharibu.

Stata ya kampuni ya Lucas ya injini hii ni ya mtindo wa zamani. Gia yake ndogo, ambayo mafundi wote huiita bendiksi kwa jina la Vincent Bendix wa Marekani, haisukumwi na solenoidi kama kwenye magari ya baadaye. Imekaa juu ya shafti yenye skrubu nene. Amecha, sehemu ya stata inayozunguka, inapoanza kuzunguka kwa ghafla, gia kwa uzito wake huchelewa, na kule kuchelewa ndiko kunakoifanya itembee juu ya skrubu hadi kwenye meno ya flaiwili. Injini ikiwaka inaizungusha gia kwa kasi kuliko shafti, na gia inarudi ilikotoka. Ni ufundi wenye akili, lakini unategemea gia iteleze bila kusita. Mimi, kwa kuitakia mema, nilikuwa nimeipaka grisi.

"Nani alipaka hii?"

"Ni mimi, mzee. Nilitaka iteleze."

"Umeitegea ulimbo. Vumbi la klachi likitua hapa halitoki."

Bendiksi inaoshwa kwa mafuta ya taa na brashi ya rangi mpaka gia ipande na kushuka kwa uzito wake yenyewe unaposimamisha shafti, inakaushwa, na kwa kawaida inaachwa hivyo. Ikiwa lazima upake kitu, ni tone la oili nyepesi, tena ulifute. Siku hiyo pia nilionyeshwa kifuniko kidogo nyuma ya stata, kama kofia ya chupa, ambacho chini yake ncha ya shafti imechongwa pembe nne. Gia ikinasa kwenye flaiwili, unaingiza spana pale na kuizungusha hadi iachie. Nilikuwa nimemiliki gari hilo miaka mingi na nikadhani ni kifuniko cha mapambo.

Kaboni, vile vipande vinavyosugua amecha ili kuipa umeme, zilikuwa zimeisha zaidi ya nusu kwenye stata mbili kati ya nne. Kubadilisha kaboni si kazi ngumu ila kulehemu ndiko kunakotaka adabu, kwa sababu shaba ile ni nene na inaunyonya moto wote. Chuma cha kulehemia redio hakikufua dafu. Mzee alipasha kipande kizito cha shaba kwenye jiko la mkaa, akabana waya uliosukwa wa kaboni kwa koleo karibu na kiungo ili risasi ya kulehemia isipande juu. Risasi ikipanda, waya unakuwa mgumu kama kijiti, kaboni haiwezi kushuka kadiri inavyolika, na baada ya miezi miwili utasema kaboni ulizouziwa ni feki. Katika stata nyingine za baadaye koili za ndani ni za alumini, na hizo hazilehemeki kwa risasi ya kawaida. Unaukata waya wa zamani ukiacha kishina, kisha unalehemu mpya juu ya kishina hicho.

Komyuteta, duara la vipande vya shaba linalosuguliwa na kaboni, nayo niliisafisha kwa msasa laini, si kwa msasa wa chuma, maana vumbi la msasa ule hupitisha umeme. Hapo nilifanya kosa ambalo bado linaniuma. Nilikuwa nimesoma kitabu cha ufundi cha Toyota kinachotaka maika, kizuizi cha umeme kilicho kati ya vipande vya shaba, ichimbwe iwe chini ya shaba kwa milimita 0.6, na isipungue 0.2. Nikachukua kipande cha msumeno wa chuma na kuanza kuchimba amecha ya Lucas. Mzee alirudi kutoka kunywa chai akanikuta nimeshamaliza mifereji minne. Maelekezo ya Lucas kwa stata hizi yanakataza kuchimba. Mifereji hiyo hujaa unga wa kaboni zenye shaba, na kipande kimoja kikaanza kuzungumza na jirani yake. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba kila kampuni ina desturi zake za msibani, na mgeni huuliza kabla ya kukaa. Amecha ile ilibidi ipelekwe kwa mkereza vyuma ikapunguzwe kidogo mpaka mifereji yangu ilipopotea.

Nikiulizwa ni kitu gani ndani ya stata kinachoua stata nyingi za magari ya zamani, nitasema ni bushi, na nitasema hivyo hata mbele ya fundi anayeuza kaboni. Bushi ni kipande cha shaba nyeusi kisichozidi kidole gumba, na shafti ya amecha huzunguka ndani yake. Ikiliwa, shafti inayumba, na amecha nzito inavutwa upande mmoja na sumaku mpaka inaanza kujisugua kwenye vyuma vya ukuta wa stata. Stata inayojisugua hula umeme mwingi na kuzunguka polepole, dalili zilezile za betri iliyochoka, na mtu atanunua betri. Ukiifungua utaona alama: upande wa amecha una michirizi inayong'aa kama kisu kilichotoka kunolewa. Stata zote mbili za mtumba zilikuwa na michirizi hiyo. Kabla ya kufungua unaweza kuishika ncha ya shafti na kuitikisa juu na chini. Ikicheza kwa kiasi cha kusikika, tayari umepata jibu.

Bushi ya kwanza nilichongewa na mkereza vyuma kwa shaba ya kawaida ya bomba. Ilikuwa nzuri kwa macho na ilidumu miezi minne. Bushi ya stata hutengenezwa kwa unga wa shaba ulioshindiliwa na kuchomwa, una vitundu visivyoonekana, na ndani ya vitundu hivyo ndimo oili inamokaa, kwa kuwa stata haina mahali pa kuongezea oili. Bushi mpya inalowekwa kwenye oili safi ya injini kwa saa 24 kabla ya kufungwa, au saa mbili ikiwa oili imepashwa hadi nyuzi 100. Mzee alikuwa na njia yake ya haraka, ambayo niliifurahia kama mtoto: aliziba tundu la chini kwa kidole, akajaza oili, akaweka kidole gumba juu na kukandamiza kwa nguvu. Baada ya muda bushi ilianza kutoka jasho la oili kwa nje. Ile ya mkereza vyuma ilikaa kavu. Na bushi ya namna hii haipanuliwi kwa rimu, kifaa cha kukwangulia tundu, baada ya kuingizwa, kwa sababu kuikwangua kunaziba vile vitundu. Inaingizwa kwa mandreli, nondo laini yenye kipimo cha shafti, nayo inakaa sawa.

Ile stata mpya tuliifungua mwisho. Bushi zake zilikuwa kavu kabisa, kaboni zake fupi kuliko zilizokwisha za Lucas, na nyaya za amecha zilikuwa zimefunguka na kusugua ukuta hadi kuungua. Duka lililoniuzia liliniambia waranti haihusu vifaa vya umeme. Nimebaki na boksi lake ambalo naweka misumari.

Baada ya hapo sifa zilinitangulia, na shemeji yangu akaniletea Toyota Corolla yake ya zamani. Ukigeuza ufunguo ilitoa mlio mmoja tu, "ta!", kisha kimya, ukigeuza mara ya saba au ya kumi inawaka kama kawaida. Wengi huipiga stata ya namna hiyo kwa nyundo. Kwenye stata za zamani zenye koili, nyundo husaidia kwa muda kwa kuwa inatikisa kaboni zilizonasa. Lakini zipo stata za baadaye zenye sumaku za kudumu, na sumaku hizo hupasuka kama kigae. Ya shemeji ilikuwa ya kampuni ya Denso, yenye gia za kupunguza mwendo, na ugonjwa wake ni wa ukoo mzima. Nyuma ya kifuniko cha solenoidi, kilichoshikwa kwa skrubu tatu, mna vipande viwili vya shaba vinavyounganishwa na kisahani kila unapowasha. Cheche hula kimoja kuliko kingine, mwisho kisahani kinafika upande mmoja tu na kubaki kinaning'inia upande wa pili. Vipande viwili vipya viligharimu chini ya bei ya kilo mbili za nyama, na kazi yote ilitumia muda wa chungu kimoja cha maharage. Nilimwonya shemeji asisubiri safari nyingine, kwa sababu shaba iliyolika inaweza pia kugandana, na hapo stata haiachi kuzunguka hata ukitoa ufunguo. Tangu siku hiyo ana spana namba 10 kwenye kisanduku cha mbele, ya kufungulia betri.

Naye nilimwonya kwanza afungue waya wa hasi kabla ya kugusa stata yoyote. Spana yangu moja ina pengo kama jino lililong'oka, kutokana na siku niliyodhani nitakuwa mwangalifu tu.

Land Rover inabaki na kasoro moja ambayo hakuna stata itakayoimaliza. Injini ya silinda nne ikizimwa husimama karibu kila mara kwenye moja ya sehemu mbili zilezile, kwa hiyo gia ya stata hugonga meno yaleyale ya flaiwili mwaka baada ya mwaka. Yetu yameliwa sehemu hizo hadi yamekuwa kama meno ya mzee anayetafuna muwa, ilhali mengine ni mazima. Tiba ni kuteremsha gia boksi, kutoa flaiwili, kupasha moto ringi ya meno mpaka itanuke na kutoka, kisha kuirudisha ikiwa imehamishwa robo mzunguko ili meno mazima yakae penye kazi. Gia boksi ile inataka wanaume wanne, na wanafunzi wangu wa zamani wameahidi kuja mahindi yakishavunwa. Kwa sasa, nikisikia stata inasaga badala ya kushika, nashuka, natoa hendeli nyuma ya kiti, naisogeza injini kidogo, kisha narudi kupiga stata. Binti yangu wa mwisho ameshaujua mlio huo. Akiusikia akiwa ndani ya gari, hufungua mlango na kunipa hendeli kabla sijaiomba.